Zamu Ambayo Haikuhifadhiwa

Navoneiwa mwanangu,

Marahaba. Najua ukiifungua barua hii utaniamkia kimoyomoyo kabla hujasoma mstari wa kwanza, kwa hiyo nimeitikia kabisa.

Umeteremka Same na baba yako kuchukua tiketi, nami nimebaki na nyumba. Begi lako nimelipanga, nikalipangua, nikalipanga tena, na sasa sina cha kulifanyia. Habari za chakula, nguo za baridi, watu wa kukaa nao na wa kukaa nao mbali, hizo umezisikia mpaka umezichoka. Jana ulikuwa unanimalizia sentensi. Sitazirudia. Nataka kukueleza jambo moja tu, la ile zamu ya maji ya baba yako mkubwa Zakayo.

Wakati ule ulikuwa chuoni Arusha. Ulilisikia kwenye simu vipande vipande, na kila aliyekusimulia alianzia pale panapompendeza. Mimi sikuwahi kukaa chini nikakueleza kutoka mwanzo, na ulipoanza kuniuliza nilikuuliza habari za mitihani. Kesho unakwenda Dodoma kuandika programu za kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati. Nimeona usiende bila kuijua habari hii yote, pamoja na sehemu ambayo hata baba yako sijamwambia.

Unajua maji ya ndiva yetu, bwawa letu la kumwagilia, yalivyokuwa yakigawiwa zamani. Kijito kinaijaza usiku, alfajiri mwenye zamu anafungua, maji yanashuka kwenye mfereji hadi shambani kwake. Kila jioni watu walipanda mpaka juu, mwenyekiti wa kamati ya maji akasimama ukingoni na kutaja nani atafungua kesho. Aliyekuwepo alipata. Asiyekuwepo, kwa kuwa ana mgonjwa ndani au kwa kuwa anakaa chini kabisa bondeni, alingoja, na siku iliyofuata mara nyingi akakosa pia. Mama Daudi alikuwa mmoja wao. Tangu mumewe afariki alibaki na mama mkwe asiyeinuka kitandani, na kule juu kulimshinda. Kiangazi kimoja maharage yake yalikauka yakiwa kwenye maua, na sisi wote tulikuwa tunapita hapo tukiyaona. Hilo ndilo lililonifanya niende kwa mwenyekiti kumwambia kwamba mtu angeweza kuomba zamu kwa meseji, akiwa jikoni kwake.

Kuandika programu nilijifunza ukubwani, kama ujuavyo. Nilifundisha hesabu sekondari miaka mingi, kisha wakaniongezea somo la kompyuta kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka. Nusu ya nilichokijua nilikipata kwako wakati wa likizo. Nakumbuka tulikuwa tunachambua maharage ya makande, laptopu yako iko juu ya kigoda, ukaangalia nilichokuwa nimeandika ukasikitika.

"Mama, hizi amri zote za hifadhidata unaziandika kwa mkono?"

"Kwani ziandikwe kwa mguu?"

Ukacheka, ukajifuta mikono, ukanionyesha ile ORM yenu. Ukaniambia ni tabaka linalokaa katikati: huku mimi naandika Mkulima, Shamba, Zamu, kama ninavyovitaja kila siku, na lenyewe linavipeleka upande wa pili na kuvigeuza kuwa mistari kwenye majedwali. Nikajaribu. Nikaunda zamu mpya, nikaipa mkulima, nikaipa shamba, nikaipa siku. Ikatokea kwenye skrini, kamili kabisa. Ukaniambia nifungue jedwali. Nikafungua. Jedwali lilikuwa tupu.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Umeiunda tu, hujaihifadhi. Iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Programu ikifungwa, nayo imekwenda."

"Mbona naiona?"

"Unaiona wewe."

Nililichukua jambo lile kama la kujua tu, kama mtu anavyojua jina la mto asiouvuka. Nikajifunza amri ya kuhifadhi, nikaona nimemaliza.

Mfumo ulipoanza kufanya kazi, watu waliupenda kuliko nilivyotarajia. Mama Daudi aliniletea ndizi mbivu, akasimama mlangoni akisema amepata zamu bila kuacha mgonjwa peke yake. Nilitembea nikiwa mwepesi wiki ile. Sasa sikiliza nilivyokuwa nimeupanga, maana wewe utaona kosa kabla sijakuonyesha. Maombi ya siku nzima programu iliyakusanya. Jioni ilianza kuyapitia moja moja: inaangalia kama siku iliyoombwa ina nafasi, inaunda zamu, inamtumia mkulima meseji kwamba amepata, inakwenda kwa anayefuata. Ikifika mwisho ndipo inahifadhi zamu zote kwa mpigo mmoja. Nilifanya hivyo ili iende haraka. Na jambo la pili, niliiagiza kwamba ikikutana na kosa wakati wa kuhifadhi, inyamaze, iendelee na kazi nyingine. Niliona haya mwenyekiti aje akute maandishi mekundu ya Kiingereza kwenye skrini ya mwalimu.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Kijito kilikuwa chembamba, na ndiva hata ikijaa usiku kucha, maji yake yalitosha shamba moja na si zaidi. Asubuhi moja nilikuwa nawasha moto wa chai nikasikia kelele kutoka juu. Baba yako alitangulia, mimi nikafuata na kanga ya jikoni.

Nilimkuta baba yako mkubwa amekaa kwenye tope kando ya mfereji, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, uso umebadilika rangi. Daudi, yule mliyesoma naye msingi, amesimama mbele yake na jembe mkononi. Mama Daudi ameinua simu, anamwonyesha kila anayefika.

"Someni wenyewe. Zamu ni yangu. Nimengoja maji shambani tangu kulipopambazuka, hayaji, napanda kuangalia, nakuta yamegeuziwa kwake."

"Na mimi ninayo," Zakayo akasema. "Ipo mfukoni. Nitoleeni simu, siwezi kuutumia mkono."

Baba yako akaitoa ile simu mfukoni mwa kaka yake, akasoma, akanipa. Meseji zote mbili zilisema jambo lilelile: ndiva ileile, alfajiri ileile. Zakayo alikuwa amekuja kufungua maji yake. Mama Daudi na mwanawe walikuja kuyarudisha yao kwa kuziba mfereji kwa tope. Zakayo akashuka kuwazuia, wakagombania jembe, na hapo akaanguka kwenye mawe.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, hebu tuangalie kwenye mfumo. Nani ameandikwa?"

Nikafungua kwenye simu yangu, mikono ikiwa na majivu. Siku ile ilikuwa na zamu moja tu.

"Mama Daudi," nikasema.

"Na Zakayo?"

"Hayumo."

Nililisema neno hilo mimi, Navo. Baba yako mkubwa aliniangalia kana kwamba nimemtemea mate. Watu wakaanza kunong'ona kwamba meseji siku hizi inaweza kutengenezwa, kwamba labda ni ya mwezi uliopita amebadilisha tarehe. Unajua huku kwetu mtu akiitwa mwizi wa maji inavyokuwa. Jina hilo linaingia naye kanisani, linakaa naye msibani. Na upande wa pili watoto wa Zakayo walikuwa wamemzunguka Daudi, wanasema lazima apelekwe polisi Same kwa kumvunja mzee mkono. Mama yake alikuwa ameacha kupaza sauti. Alikuwa ameushika mkono wa mwanawe.

Baba yako na mwenyekiti walimpeleka Zakayo hospitali. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua laptopu. Chai ilikuwa imechemka mpaka ikakauka.

Haikunichukua muda kuona. Kumbukumbu za meseji zilizotumwa zilikuwa mahali pengine, hazikungoja ule mpigo mmoja wa kuhifadhi zamu, na humo jina la Zakayo lilikuwepo. Aliomba kabla ya Mama Daudi, na mfumo ukamjibu kwamba amepata. Hakudanganya hata herufi. Nikaanza kutafuta zamu yake ilipotelea, nikakuta kwamba jioni ileile mtu mwingine aliomba kwa namba mpya ambayo haikuwa na shamba lililosajiliwa. Hifadhidata haikubali zamu isiyo na shamba. Ilikataa, na ilikuwa na haki ya kukataa. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeyafunga maombi yote katika fungu moja, ilipolikataa moja ililirudisha fungu zima. Zamu zote za jioni ile zilikuwa zimeundwa, wenyewe wameshaambiwa wamepata, na hakuna hata moja iliyoingia kwenye jedwali. Programu ikanyamaza kama nilivyoiagiza. Siku iliyofuata Mama Daudi akaomba, mfumo ukaangalia, ukaona siku ile ni tupu, ukampa.

Nikakumbuka ulivyoniambia: unaiona wewe.

Hapa ndipo penye ile sehemu niliyokuambia hata baba yako haijui.

Nilifungua kwenye skrini dirisha la kuandikia amri za hifadhidata. Nikaunda zamu. Mkulima, Zakayo. Shamba, lake. Siku, ya leo. Na pale pa muda wa kuandikishwa nikaweka ile jioni aliyoomba kweli. Nilijiambia kwamba siongopi, kwa kuwa kweli aliomba, kweli alijibiwa, naingiza tu kilichopaswa kuwemo. Mwenyekiti angerudi, ningemwonyesha zamu mbili, ya Zakayo ikiwa ya kwanza, na ningesema simu yangu asubuhi haikusoma vizuri kwa ajili ya mtandao. Baba yako mkubwa angesafika. Mimi ningesafika. Mama Daudi angebaki mwanamke aliyeziba maji ya mwenzake, na Daudi angebaki kijana aliyempiga mzee mwenye haki yake. Hilo la mwisho nililiona, mwanangu. Sitakudanganya kwamba sikuliona. Nililiona, na bado vidole vyangu vilikuwa juu ya kibodi, na ile zamu iko kwenye skrini mbele yangu, imebaki neno moja tu la kuihifadhi.

Simu ikaita. Alikuwa Zakayo, kwa simu ya baba yako.

"Shikamoo shemeji," nikasema.

"Marahaba."

"Mkono wameuangalia?"

"Umevunjika hapa kwenye kifundo. Wanauwekea plasta." Nilisikia watu wanapita kwenye korido. "Mama Navo, mimi sikuiba maji."

"Najua, shemeji."

"Unajua, au unanihurumia?"

Niliitazama ile zamu kwenye skrini. Kama zamu ile ningekuwa nimeshaihifadhi, kila ambacho ningemwambia kingekuwa huruma, kwa sababu ushahidi wake ningekuwa nimeutengeneza mimi. Asingejua kamwe kwamba ukweli wake ulikuwa unatosha wenyewe.

"Najua," nikamwambia. "Nimeona mfumo ulikutumia meseji. Uliomba mapema kuliko Mama Daudi, ukajibiwa, kisha programu yangu ikashindwa kuihifadhi zamu yako na haikuniambia. Na yeye pia hakudanganya. Kosa ni langu. Kesho nitalisema mbele ya watu wote."

Nilimsikia akimwambia mtu wa plasta amngoje kidogo.

"Ukisema hivyo watakucheka wewe," akasema.

"Wacha wacheke."

"Haya. Basi nitaweza kulala."

Nililifunga dirisha lile bila kuhifadhi. Zamu ile niliyoitunga ikapotea kana kwamba haijawahi kuwepo, na nilishukuru kwamba kitu kikiundwa kinangoja kwanza mtu aamue. Kisha nikawapigia wengine waliokuwa kwenye fungu lile, mmoja baada ya mwingine. Ya Zakayo ilikuwa ya kwanza kugongana. Za wengine zilikuwa za siku za mbele, na wawili kati yao siku zao zilikuwa zimeshapewa watu wengine. Niliwaambia wote kwamba zamu zao hazipo na kwa nini hazipo. Mmoja alinigombeza sana. Nilipokata simu nilikuta kwamba hata kugombezwa kumenipunguzia kitu kifuani.

Mkutano ulifanyika kesho yake kwenye darasa la shule ya msingi. Zakayo alikuja, mkono kwenye plasta, akakaa mbele. Mama Daudi alikaa nyuma kabisa na mwanawe, karibu na mlango. Niliposimama nilianza kueleza habari za hifadhidata na fungu na kuhifadhi, nikaona macho ya watu yananikimbia. Wewe unajua nilivyo; nikachukua chaki. Nikaandika ubaoni majina ya wote walioomba jioni ile. Kila nilipoandika jina nilimgeukia mwenyewe nikamwambia, "Umepata." Nilipomaliza nikafuta ubao wote.

"Kesho yake mtu akiingia kwa mlango ule kuomba zamu, ataona nini hapa?"

Sauti ya Mama Daudi ikatoka nyuma: "Ataona nafasi."

"Ndivyo ulivyoona wewe, na hukukosea. Na shemeji yangu alikuwa ameshaambiwa amepata, hakukosea. Aliyefuta ubao ni mimi. Sikukusudia, lakini nilipanga kazi vibaya: niliwaambia watu kwanza, nikahifadhi baadaye. Jana asubuhi nilisema kwamba Zakayo hayumo. Hakuwemo kwa sababu yangu."

Wapo waliocheka, kama alivyosema. Si wengi. Wengine walikuwa wanamwangalia Zakayo. Yeye akasimama, na kusimama kulimpa shida kwa ajili ya mkono.

"Kwa kuwa shemeji amesema lake," akasema, "na mimi niseme langu. Kijana huyu hakunisukuma. Mimi ndiye niliyelishika jembe lake, nikalivuta, likaniteleza, nikaanguka. Jana niliwaacha mseme mlivyosema kwa kuwa nilikuwa nimeitwa mwizi na nilikuwa na hasira. Asipelekwe popote."

Mama Daudi aliinamisha kichwa kwenye dawati. Mabega yake yalishuka, Navo, yakashuka tu, kama mtu aliyetuliwa mzigo na mwingine. Daudi alikwenda mbele, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo baba, nisamehe." Zakayo akamwambia, "Nenda kakae na mama yako."

Mimi nilifikiri mambo yameishia hapo, nikamwambia mwenyekiti kwamba warudi kwenye utaratibu wa zamani, nitauzima mfumo. Mwenyekiti hakukubali wala kukataa. Aliniuliza, "Unaweza kuurekebisha?"

"Naweza."

"Na safari hii ukikosea, sisi tutajuaje?"

Hilo swali, mwanangu, lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu kompyuta. Nilimwambia ukikosea utasema. Na ndivyo nilivyouandika upya. Kila zamu inahifadhiwa peke yake, ya mtu mmoja ikikataliwa haiwavuti wengine. Hifadhidata yenyewe sasa imekatazwa kupokea zamu mbili kwa ndiva moja alfajiri moja, hata kama programu imesahau kuangalia. Meseji haitoki mpaka zamu imeshaingia kwenye jedwali na mfumo umeisoma tena kutoka humo. Na kukiwa na kosa, mwenyekiti anapata ujumbe kwa Kiswahili kinachoeleweka: ombi la fulani halikuhifadhiwa, mpigie. Wiki za mwanzo alipata jumbe nyingi. Niliona aibu kila moja ilipofika, kisha nikazoea, kisha nikaanza kuzisubiri kwa sababu kila moja ilikuwa ni ugomvi ambao hautatokea.

Kuhusu maji yenyewe, kamati iliamua kwamba ndiva itakapojaa tena Zakayo na Mama Daudi wagawane. Nilikwenda kuangalia. Zakayo hakuweza kufungua kwa mkono ule, akawatuma wanawe, na akawaambia waanze na upande wa bondeni. Maji yalishuka kwa Mama Daudi kwanza. Maharage yake hayakupona yote, lakini yaliyopona yalivunwa, na ya Zakayo hivyohivyo. Kila mmoja alikosa kidogo. Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji nikisikiliza maji yanavyopita, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile niliona njaa.

Ndiyo habari yenyewe.

Sasa nikueleze kwa nini nimeiandika. Siku ulipopata barua ya kazi, tulikuwa tunatembea kutoka kwa shangazi yako, ukaniambia, "Mama, naogopa. Hizi ni kumbukumbu za wagonjwa. Nikikosea, ni mtoto wa mtu." Nikakujibu papo hapo, "Hutakosea." Ukaharakisha hatua, na mimi nikajua kwamba nimekujibu kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu nje kuna baridi. Tangu siku ile nimekuwa na jibu hilo kooni.

Utakosea, Navo. Si kwa uvivu, wewe si mvivu. Utakosea mahali unapopaamini, jioni ambayo kila kitu kwenye skrini kinaonekana kiko sawa. Sikutegemei usikosee. Ninachojua ni kwamba nesi akiambiwa chanjo ya mtoto imeandikwa, ataamini, atamwita anayefuata. Kwa hiyo neno lile la "imehifadhiwa" lisitoke kwenye programu yako mpaka iwe kweli imehifadhiwa. Na ikishindwa, iwe na sauti. Mengine utajifunza kwa wenzako, na mengi watajifunza kwako.

Na kuna hili la dirisha, ambalo sijui kama nimekueleza vizuri. Siku ukigundua kosa ukiwa peke yako, utaona jinsi ilivyo rahisi kuunda kumbukumbu nyingine iliyonyooka na kuiweka pale, na kila mtu akaenda nyumbani akiwa na amani. Wewe utakuwa na funguo zote. Mimi sikuwa mwema kuliko watu siku ile. Nilipigiwa simu tu, na mtu mwenye mkono uliovunjika. Nimelifikiria sana jambo hilo: ningefanya nini kama simu isingeita? Sijui. Nimeacha kujiuliza, na nimeona afadhali nikuambie kwamba sijui kuliko kukuachia picha ya mama asiyetetereka. Picha hiyo ingekufanya usinipigie.

Nilidhani leo nitakuwa nalia. Tangu mwaka jana, ulipokuwa unatuma maombi ya kazi na hakuna anayejibu, ukishinda chumbani mchana kutwa, nilikuwa naomba mambo mawili yanayopingana, kwamba upate na kwamba usiende mbali. Umepata, na unakwenda mbali, na badala ya kulia nimekaa hapa kwenye kiti cha baba yako miguu imenyooka, napumua. Nimekuona wiki hii unavyocheka na simu. Nimekusikia unaimba bafuni. Mtu anayekwenda hivyo, mama yake anaweza kulala.

Baba yako hatakuambia kitu kwa maneno. Atakunywesha soda stendi na kukushikilia begi mpaka konda alitake. Mwache alishike.

Siku hiyo ikifika, ya kosa, usifute chochote. Usitengeneze chochote. Kaa mbali na kibodi, chukua simu, nipigie, hata kama ni saa za shamba. Nitaifuta mikono udongo na nitapokea, na sitakuuliza kwanza umefanya nini. Nitakuuliza nani anangoja jibu, tuanze na huyo.

Mimi mama yako,
hapa Suji